Kiatu cha Saa Kumi na Moja Jioni

Raba nyeupe zimeingia ofisini. Si muda mrefu uliopita raba ilikuwa kiatu cha mazoezi, cha safari ya mkoani na cha Jumamosi; leo unaiona chini ya suti ya bluu kwenye lifti za majengo ya Posta, chini ya gauni la kitenge nyuma ya kaunta, na hata miguuni mwa watoa mada kwenye makongamano. Miezi ya Korona, watu wengi walipofanya kazi sebuleni wakiwa na ndala, iliharakisha jambo lililokuwa likija polepole. Sasa wakubwa wa ofisi wanalalamika kwamba nidhamu ya mavazi imeporomoka, na vijana wanajibu kwamba wameionja raha na hawako tayari kuirudisha miguu yao kifungoni. Mabishano haya yamenirudisha kwenye miaka yangu ishirini ya kazi ya ofisi Dar es Salaam, miaka niliyoipita katika awamu tatu za viatu: awamu ya kununua kwa macho, awamu ya kubeba viatu kwenye mkoba, na awamu ya kununua kwa kupima. Ninaposikiliza pande zote mbili naona kila mmoja anapima kiatu asubuhi. Mkubwa anakitazama mtu anapoingia mlangoni, kijana anakikumbuka kilivyombana alipotoka nyumbani. Mimi nimefikia kuamini kwamba kiatu cha kazi kinapaswa kuhukumiwa saa kumi na moja jioni, mguu ukiwa umeshavimba, vumbi limeshakaa na akili imeshachoka. Kiatu kinachofika saa hiyo kikiwa bado kinapendeza, na mguu ulio ndani yake ukiwa bado unataka kutembea, ndicho kiatu cha ofisini. Vingine vyote ni vya picha.

Awamu ya kwanza ni ya karibu kila mwajiriwa mpya. Mshahara wa kwanza ukiingia, mguu unapelekwa Kariakoo, na macho ndiyo yanayochagua: skuna yenye ncha kali kwa mwanamke, kiatu kilichochongoka mbele na kung'aa kama kioo kwa mwanamume. Muuzaji anasema kitatanuka. Mnunuzi anasimama juu ya kipande cha boksi kwa nusu dakika, anageuka mara moja, analipa. Kosa la utaratibu huu liko kwenye muda wenyewe. Kila mguu una mifupa 26, viungo zaidi ya thelathini na kano nyingi zinazoushikilia upinde wa unyayo, na kadiri siku inavyokwenda damu na maji vinateremka, mguu unatanuka kwa urefu na kwa upana. Anayenunua asubuhi na mapema ananunulia mguu ambao mchana hautakuwepo. Mwaka 1993 madaktari wa mifupa ya mguu nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake 356, wakakuta asilimia 88 kati yao wanavaa viatu vidogo kuliko miguu yao. Hawa ni watu wenye maduka mengi na namba za kila aina. Sisi tunaonunua kiatu kilichobaki dukani, kwa sababu rangi imetuvutia na namba yetu imekwisha, hatuna sababu ya kudhani tunafanya vizuri zaidi.

Hata namba yenyewe haistahili imani tunayoipa. Mtu husema "mimi navaa 39" kana kwamba anataja tarehe yake ya kuzaliwa. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7 kati ya namba moja na inayofuata, na hupima kalibu, lile umbo la mti au plastiki ambalo kiatu hushonewa juu yake. Namba za Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi. Kila kiwanda kina kalibu yake, na upana, ambao ndio unaotesa watu wengi, haumo kabisa kwenye namba inayoandikwa chini ya viatu vingi vinavyofika masoko yetu. Miguu yetu mingi, hasa ya watu waliokua wakitembea peku au na kandambili, ni mipana mbele na vidole vyake vimeachana vizuri, kama maumbile yalivyokusudia. Mguu huo ukiingizwa kwenye kiatu chembamba, mvaaji hukimbilia namba kubwa zaidi ili apate upana, kisha kisigino kinacheza, vidole vinakunjamana kukishika kiatu kisivuke, na malengelenge yanatokea nyuma. Watu wanaamini kwamba wana miguu mibaya kumbe wana kalibu isiyo yao. Dawa ya hili ni karatasi na kalamu. Simama kwa uzito wote juu ya karatasi jioni, chora ukingo wa kila mguu, chukua ule ulio mkubwa, uukate, uende nao dukani. Karatasi ikijikunja pembeni unapoiingiza ndani ya kiatu, hivyo ndivyo mguu wako utakavyojikunja kwa saa tisa.

Kuhusu kisigino kirefu, ushahidi umekuwepo muda mrefu na unasema jambo moja. Mchuchumio unapopanda, uzito unahama kutoka kisigino kwenda sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma tu ya vidole, mahali ambapo hapakuumbwa kubeba mwili mzima wakati wote. Ndipo sugu zinaota, ndipo kiungo cha dole gumba kinaanza kusukumwa nje na kuota nundu ambayo haiondoki kwa kupumzika. Mwaka 1998 Casey Kerrigan na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba visigino virefu huongeza nguvu inayolikandamiza goti upande wa ndani, palepale ambapo uchakavu wa goti hupenda kuanzia. Mwaka 2001 wakaonyesha kwamba kisigino kinene nacho hufanya vivyo hivyo, jambo linalowahusu wanaoamini kuwa kisigino cha gogo hakina madhara. Kinene kinazuia kuteguka, hakiliokoi goti. Mwaka 2010 watafiti wengine wakapima wanawake waliozoea kuvaa kisigino cha sentimita 5 au zaidi kwa angalau miaka miwili, wakakuta nyuzi za msuli wa shavu la mguu zimefupika na kano ya kisigino imekuwa ngumu. Ndiyo maana wapo wanaosema, kwa ukweli kabisa, kwamba viatu bapa vinawaumiza. Mwili wao umeshazoea kiatu, na sasa ardhi ndiyo inayowaumiza. Watu hao hawapaswi kushuka siku moja kutoka sentimita 9 hadi sifuri. Washuke kidogokidogo kwa miezi.

Najua jibu linalokuja hapa, na silidharau. Wanasema kimo kina heshima yake, kwamba mwanamke mfupi kwenye meza ya wanaume warefu anahitaji kila sentimita, na kwamba kiatu ni lugha. Kweli kiatu ni lugha, na kwenye pwani yetu ni lugha ya kale kuliko ofisi. Zanzibar ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya mabwana; utumwa ulipofutwa mwaka 1897, kuvaa kiatu kulikuwa kutangaza kwamba mtu amekuwa mtu. Picha za enzi ya ukoloni zinawaonyesha matarishi na watumishi wa nyumbani wakiwa na sare nyeupe zilizopigwa pasi, vifungo vimekaa sawa, miguu mitupu. Mtu anayejua historia hiyo hawezi kuwacheka wazee wetu walioanza kung'arisha viatu vyao alfajiri kabla hata ya kunywa chai. Lakini lugha hiyo haikuwahi kudai kisigino kirefu. Makubadhi ya Lamu na Mombasa, ngozi iliyotariziwa, bapa kabisa, yanavaliwa na kanzu siku ya Idi na hakuna anayemwona mvaaji amepungukiwa. Kisigino chenyewe kilianza na wapanda farasi wa Uajemi, waliokihitaji ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha kupandia, kisha kikapokelewa na wanaume wakubwa wa Ulaya. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alivaa visigino vyekundu. Baadaye wanaume wakakiacha, wakaona heshima yao haikupungua hata sentimita moja. Walichokiweza wao hakiwezi kuwa muhali kwa wanawake.

Jibu la pili ni kwamba hakuna anayelazimishwa. Hili linakanushwa na kumbukumbu za hivi karibuni kabisa. Desemba 2015, Nicola Thorp alifika kazini London siku ya kwanza kama mpokea wageni wa muda, akarudishwa nyumbani bila malipo kwa sababu amevaa viatu bapa; kanuni ya wakala aliyemwajiri ilitaka kisigino cha inchi 2 hadi 4. Ombi alilolianzisha mwaka 2016 lilipata sahihi zaidi ya 150,000 na kujadiliwa bungeni Machi 2017, ingawa serikali ilijibu kwamba Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inatosha. Mwaka huohuo wa 2017 jimbo la British Columbia nchini Kanada likapiga marufuku kumlazimisha mfanyakazi kuvaa visigino virefu, na Ufilipino ikatoa agizo linalowakataza waajiri kudai kisigino kinachozidi inchi 1. Japani, Yumi Ishikawa alianzisha mwaka 2019 kampeni ya KuToo, jina lililochezea maneno mawili ya Kijapani yanayofanana kwa sauti, kiatu na maumivu. Nchi hizi hazifanani kwa dini wala kwa hali ya hewa, na zote zimelazimika kuliandikia jambo hili kanuni au kulijadili hadharani. Kwetu shurutisho mara nyingi halikuandikwa, na kwa hiyo ni gumu zaidi kulijibu. Linakuja kama neno "muonekano" kwenye tangazo la kazi ya mapokezi, kama macho ya msimamizi yanayoshuka sakafuni na kubaki huko, kama ushauri wa dada aliyetangulia kwamba benki si mahali pa simpo. Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, na yale mabango yenye picha zilizopigwa alama ya X kwenye mageti ya ofisi za serikali, vimehangaika zaidi na urefu wa sketi na kubana kwa suruali. Mguu umeachiwa desturi, na desturi haina dawati la rufaa.

Awamu ya pili ilinifundisha zaidi ya utafiti wowote, kwa kuwa ni awamu ya jiji zima. Tazama kituo chochote cha mwendokasi saa moja asubuhi: chini ni ndala, raba na simpo, begani mkoba wenye mfuko wa plastiki ndani yake, ndani ya mfuko skuna. Zinavaliwa kwenye ngazi za jengo, mkono mmoja ukutani, na zinavuliwa palepale jioni. Wengine huziacha chini ya meza mwaka mzima. Nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, na nilidhani hiyo ni busara ya kulinda kiatu dhidi ya tope la masika na vumbi la kiangazi. Kwa sehemu ndiyo. Lakini ukiitafakari desturi hii inakiri jambo ambalo ofisi hailisemi, kwamba tunavaa ili tutazamwe, na tunapotaka kutembea tunabadilisha. Kiatu kisichoweza kumfikisha mwenyewe kutoka kituoni hadi mlangoni hakiwezi kumbeba vizuri kutoka ghorofa hadi ghorofa, kutoka wizara hadi benki, kutoka meza ya mteja hadi chumba cha mafaili. Kilichobadilika mlangoni ni kwamba maumivu sasa yana kiyoyozi. Na maumivu hayo yana gharama isiyoandikwa kwenye hati ya mshahara: mtu anayehesabu dakika za kukaa chini hasikilizi vizuri kikaoni, anapanga kazi zake kwa kukwepa ngazi, anamaliza mazungumzo na mteja mapema kuliko alivyopaswa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Msimamizi anayeona uchangamfu umepungua mchana hajui kwamba chanzo chake kiko sentimita chache juu ya zulia.

Kuna pia suala la joto, ambalo wabunifu wa viatu vingi tunavyovaa hawakulifikiria kwa sababu hawakuishi ndani yake. Baada ya uhuru viongozi wetu waliona kwamba tai na koti zito havina maana Dar es Salaam mwezi wa Februari, wakaikubali suti ya Kaunda yenye mikono mifupi kuwa vazi rasmi kamili. Tulirekebisha kola. Kiatu tulikiacha kama kilivyotoka kwenye nchi za baridi, tena siku hizi kikiwa kimetengenezwa kwa plastiki badala ya ngozi. Ngozi halisi inapitisha hewa kidogo, inafyonza jasho na kulitoa usiku, inafuata umbo la mguu baada ya wiki kadhaa. Plastiki iliyopakwa sura ya ngozi haifanyi lolote kati ya haya. Jasho linabaki, soksi inaloa, fangasi wanajenga makao kati ya vidole, na plastiki yenyewe inaanza kubanduka magamba kabla ya mwaka kwisha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zipo pia soli laini na nyepesi za poliyurethani, ambazo kwenye unyevu wa pwani huoza ndani kwa ndani hata zisipovaliwa. Wengi wamehifadhi kiatu kizuri ndani ya boksi miaka minne au mitano kwa ajili ya shughuli maalumu, siku ya siku soli ikasagika kama keki njiani, wakadhani wameuziwa feki. Mara nyingi hakikuwa feki, ni maji ya hewani yaliyoivunja soli. Kiatu cha namna hiyo kivaliwe, kisitunzwe. Na kiatu chochote kilichoshinda na jasho kinahitaji siku moja ya kupumzika mahali penye hewa kabla hakijavaliwa tena. Ndiyo sababu pea mbili za kawaida zinazopokezana hudumu kuliko pea mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine kufa.

Sitaki nieleweke kwamba ukombozi uko kwenye ubapa. Simpo nyembamba, zile zenye soli ya unene wa karatasi ngumu zinazokunjika mara mbili na kuingia mfukoni, ni adui wa aina nyingine. Hazina kitu cha kupokea kishindo kwenye sakafu ya marumaru, hazishiki kisigino, hazibebi upinde wa unyayo, na wanaozivaa mwaka mzima mara nyingi huamka na maumivu makali chini ya kisigino wanapokanyaga hatua za kwanza asubuhi. Kinachotakiwa, na ndicho ninachokitafuta katika awamu ya tatu, ile ya kupima, ni kiatu chenye kimo kidogo, kati ya sentimita 2 na 4, kisigino chenye kitako kipana, ukuta wa nyuma ulio mgumu usiobonyea kwa vidole viwili, na mkunjo unaotokea pale vidole vinapokunjika na si katikati ya unyayo. Mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono kutoka kwenye kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengi ni dole gumba na kwa wengine ni kile cha pili. Wanaume nao hawajasalimika: kiatu kilichochongoka kina ncha tupu ndefu inayokwaa kwenye ngazi, na moka iliyolegea inawafanya waburuze miguu. Kiatu cha kamba ambacho vipande vya kupitishia kamba vimeshonwa juu na vinaachia wazi kabisa kinamfaa mtu mwenye mgongo wa mguu ulionyanyuka kuliko kile ambacho vipande vyake vimefungwa chini na kukutana kama mlango. Kamba yenyewe ni kifaa cha kupimia. Inalegezwa saa nane mchana mguu unapotanuka, jambo ambalo moka haiwezi.

Sasa umaridadi uko wapi kwenye haya yote? Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wa raba kama ninavyotofautiana na wakubwa wao. Kinachofanya kiatu kionekane cha heshima machoni mwa mteja ni mambo machache yanayoonekana kwa mbali: mstari safi kutoka kifundoni hadi mbele, rangi moja iliyotulia inayokubaliana na mkanda au mkoba, ngozi inayong'aa kwa kiwi na kitambaa badala ya rangi ya kupuliziwa, kisigino kisicholiwa upande mmoja, soli isiyofumuka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji urefu wala ncha. Kiatu cheusi cha mwanamke chenye mbele ya duara iliyorefushwa kidogo kupita vidole kinaufanya mguu uonekane mwembamba bila kuubana. Mkanda mmoja juu ya mguu unakishika kisivuke na unakipa sura ya makusudi. Rangi ya kahawia iliyokaribiana na rangi ya ngozi ya mvaaji inarefusha mguu kuliko sentimita 3 za mchuchumio. Raba, kwa upande wake, ina raha lakini inachafuka ukingoni kwa safari moja ya daladala, na raba nyeupe iliyochoka haina namna ya kurudishwa. Haipigwi kiwi, haibadilishwi soli. Anayeipenda achague ya ngozi, ya rangi moja, isiyo na nembo kubwa, aifute kila siku. Wapo wanaofanya hivyo na wanapendeza. Wanaoivaa kama ilivyotoka uwanjani wanawapa wakubwa hoja bila sababu.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la bei. Kiatu kizuri cha ngozi ni ghali, na mshahara wa mwajiriwa mpya una madai mengi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kiatu cha shilingi 30,000 kinachodumu miezi mitatu kinagharimu 360,000 kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu mguu umezoeshwa viatu kumi na viwili tofauti, vyote vipya, vyote vikiuma wiki ya kwanza. Kiatu cha 150,000 kilichoshonwa soli, kikibadilishwa soli mara mbili kwa fundi, bado kinaacha chenji. Tofauti iko kwenye mshono. Soli iliyogundishwa kwa gundi peke yake ikiachia kwenye lami yenye moto, hata fundi akiigundisha tena haidumu. Iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu inaweza kung'olewa na kuwekwa mpya bila kugusa gozi la juu. Asiye na 150,000 kwa mkupuo ana njia. Kwenye mitumba ya Karume, kama ilivyo Gikomba kwa wenzetu wa Nairobi, hupatikana viatu vya ngozi halisi vilivyoshonwa vizuri kwa bei ya vile vya plastiki vipya. Ila mtumba una masharti yake: soli ya ndani imeshachukua alama ya mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo chagua ambacho inatoka, uiweke mpya; kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kikiegemea upande mmoja kiache; kikunje, ufa mweupe ukitokea kwenye mkunjo ngozi imekufa. Na kipo kiwanda cha Karanga, Moshi, ambacho kinashona viatu vya ngozi nchini. Tuliwahi kuwa na kiwanda kikubwa zaidi, kile cha Morogoro kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kutoa mamilioni ya pea na kuziuza Ulaya. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini na halikupitisha hewa, na hakikuwahi kukaribia uwezo wake hadi kikafungwa. Nakitaja kwa sababu mawazo yale hayajatutoka: kiwanda kilifikiriwa kwa ajili ya mguu wa mbali, na mguu wa hapa ukabaki kununua kinachobaki.

Wapo watu ambao kwao jambo hili si la raha kabisa, ni la kuukosa mguu. Mwenye kisukari kilichokaa muda mrefu anaweza kupoteza hisia nyayoni, na kiatu kinachobana kikamtoboa asijue mpaka harufu imjulishe. Huyu hapaswi kuambiwa kiatu kitatanuka, wala kukilazimisha kitanuke. Avue na kutazama miguu yake kila jioni, aingize mkono ndani ya kiatu kila asubuhi kabla ya kukivaa, kwa kuwa kijiwe kidogo kinatosha kuanzisha kidonda kisichopona. Mjamzito naye mguu wake unatanuka, na wanawake wengi wanabaki na mguu mkubwa zaidi baada ya kujifungua, moja kwa moja. Nao wanaosimama, wapokea wageni, walinzi wa mlangoni, wahudumu wa kaunta za benki, ndio hasa wanaodaiwa kiatu cha kupendeza kuliko mhasibu anayekaa nyuma ya pazia. Ofisi zinanunua viti vya mgongo kwa wanaokaa na kuwasahau wanaosimama. Kiti kirefu nyuma ya kaunta na mkeka wa mpira sakafuni ni vitu vya bei ndogo, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwa kuviona.

Kwa hiyo ofisi zinapokaa kuandika kanuni kuhusu raba, kama nyingi zinavyofanya sasa, ningeomba zisianze na orodha ya majina ya viatu. Majina yanabadilika kila msimu, na orodha itakuwa imechakaa kabla mabango hayajakauka rangi. Ziandike kwamba kiatu kiwe safi, kizima, cha rangi iliyotulia, kifunike vidole pale kazi inapohitaji usalama, kisipige kelele ya kuwasumbua wengine. Na kwamba urefu wa kisigino, kwa mwanamke na kwa mwanamume, ni uamuzi wa mwenye mguu. Ziandike pia kwamba cheti cha daktari hakihitajiki kwa mtu kuvaa kiatu bapa, maana ofisi nyingi hudhani zimekuwa na huruma kwa kumruhusu mgonjwa peke yake, na matokeo yake ni kwamba kila anayetaka kutembea vizuri inabidi kwanza awe mgonjwa. Kisha zimpe mwajiriwa mpya, pamoja na kitambulisho na namba ya meza, siku moja ya wiki ya kwanza ya kuondoka saa tisa, akiwa na karatasi yake mkononi, madukani kukiwa bado wazi na mguu ukiwa umeshafika saizi yake ya kweli.